Uzi maalumu wa Bangkok: kupanga, kununua kondo (apatimenti ya kumiliki), na maisha ya kule kwa ujumla

Mchanga wa Mererani:

Wakuu habari za muda huu.

Kila baada ya muda naona mtu anaibuka na swali lile lile, "jamani nina hela kidogo, nataka ninunue apatimenti Bangkok niwe napangisha, nani ana uzoefu", alafu wanakuja watu watatu, wa kwanza anaweka picha ya bwawa la kuogelea juu ya ghorofa, wa pili anasema kule nyumba bei ya kiwanja Chanika, wa tatu anamwambia njoo inbox. Uzi unafia hapo. Mimi naishi huku miaka kadhaa sasa, niliingia kwa biashara ya mawe (tanzanite, spinel ya Mahenge, na rubi zikipatikana), nikahamia kabisa, na kwenye kuzungukia madalali na wateja nimekaa sana na watu walionunua na waliokoma kununua. Ntaandika kidogo kidogo, mtanivumilia.

Msimamo wangu nauweka mapema kabisa ili asiyeupenda apite: Bangkok ni mji wa kupanga. Kununua kupo, ni halali, na wageni wananunua kila siku, ila kwa mtu wetu wa kawaida mwenye dola elfu 80 au 100 alizozitolea jasho, hesabu mara nyingi haikubali.

Tuanze na kupanga maana ndo wengi mtaishia hapo. Ukitoka Dar utashangaa. Kwanza habari ya kodi ya miezi sita au mwaka mzima hakuna, unalipa mwezi kwa mwezi, mkataba wa mwaka, unatoa amana ya miezi miwili na mwezi mmoja wa mbele basi umeingia. Pili dalali hakudai wewe! Anayemlipa ni mwenye nyumba, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja kwa mkataba wa mwaka. Nyumba unaikuta na kitanda, kabati, friji, AC, mashine ya kufulia, unakuja na begi lako.

Bei zinategemea uko umbali gani na BTS, yaani ile treni ya juu iliyoanza 1999. Maeneo ya Thonglor, Phrom Phong, Asok huko ndo kwa Wajapani na watu wa makampuni, waachieni. Ukisogea On Nut, Bang Chak, mpaka Bang Na huko unapata kondo ya chumba kimoja mita za mraba 30 na ushee kwa baht elfu 11 mpaka 15 kwa mwezi. Baht moja wekeni kama shilingi 75 hadi 80 za Bongo, au shilingi 4 za Kenya, mtapiga wenyewe.

Kitu kimoja muangalie kabla ya kusaini: umeme. Kuna majengo ya aina mbili. Kuna kondo, kila nyumba ina mmiliki wake na mita yake, bili unalipa moja kwa moja shirika la umeme la mji, unit inacheza kwenye baht 4 hivi. Alafu kuna yale majengo ya mtu mmoja anayepangisha vyumba vyote, pale yeye ndo anakuuzia umeme, na utamkuta anachaji baht 7 au 8 kwa unit. Kwa joto la Aprili huku AC haizimwi, kwa hiyo chumba cha "elfu 8 tu" kinaweza kukutoka kuliko cha elfu 10. Kila siku namuona mgeni mpya amefurahia kodi, mwisho wa mwezi anakuja na karatasi ya bili anauliza hii ni nini.

Naenda kula, nikirudi naendelea na kununua.

Kanyaga Twende:

Naweka kambi hapa. Shusha nondo mkuu.

mtoto wa Gongo la Mboto:

Dalali analipwa na mwenye nyumba!!! Hii ikifika kwetu madalali wa Sinza wataandamana

Mchanga wa Mererani:

Hahaha watahama mji kabisa.

Haya, kununua. Sheria ya kondo ya huku ni ya 1979, na inasema mgeni anaruhusiwa kumiliki nyumba ndani ya jengo la kondo kwa jina lake, hati halali kabisa, ya milele, sio ya kukodi, ila wageni wote kwa pamoja wasizidi asilimia 49 ya eneo la nyumba zote za hilo jengo. Iliyobaki lazima iwe ya Wathai. Kwa hiyo swali la kwanza kwa dalali liwe "nafasi ya wageni ipo?", na usikubali jibu la mdomo, ofisi ya jengo inatoa barua inayosema wageni wamefika asilimia ngapi. Hiyo barua mtaitaka siku ya kuhamisha hati, bila hiyo ofisi ya ardhi hawagusi faili.

Ardhi hapana. Mgeni hamiliki kiwanja wala nyumba yenye kiwanja. Kuna mlango mmoja mwembamba wa kuwekeza baht milioni 40 ukaomba kibali cha waziri upate rai moja, yaani mita za mraba 1,600, ya kuishi, lakini anayepita hapo hasomi uzi wangu.

Kabla watu hawajaanza "kwa nini wanatubagua", kwetu ni hivyo hivyo. Sheria ya Ardhi yetu ya 1999 mgeni hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji uliopitia utaratibu, na ndugu zetu Wakenya katiba yao ya 2010 mgeni anakodi tu mwisho miaka 99. Hakuna nchi inayogawa udongo kizembe.

Sasa hesabu. Tuchukue nyumba ya kawaida On Nut, mita 32, ghorofa ya kumi na kitu, inauzwa baht milioni 3.2. Inapangishwa 13,000. Kwa mwaka 156,000. Dalali wa hapo atakuandikia kwenye karatasi "asilimia 4.9" na kalamu nyekundu. Haya toa ada ya jengo, baht 50 kwa mita kwa mwezi, hiyo 19,200. Toa mwezi mmoja wa dalali. Toa mwezi mmoja nyumba imekaa tupu kati ya mpangaji na mpangaji, na huo ni ukiwa na bahati. Unabaki na 110,800, ndo asilimia 3 na nusu, kabla hujapaka rangi, hujasafisha AC, hujalipa kodi ya mapato. Hati fungani za Benki Kuu ya Tanzania (BoT) za miaka 25 zimewahi kulipa zaidi ya asilimia 12 na hazivuji maji bafuni.

Msafiri254:

Boss asante kwa uzi, lakini hapo kwa bond umelinganisha vitu viwili tofauti. Hiyo 12 ni ya shilingi. Shilingi yenu na yetu zote tumeziona zikishuka mbele ya dola, na baht kwa miaka mingi imesimama vizuri. Mtu ananunua Bangkok si ju ya rent peke yake, anaweka pesa mahali haitayeyuka.

Swali langu ni Airbnb. Hapa Nairobi, Kilimani na Kileleshwa, watu wanachukua nyumba ya chumba kimoja wanaiweka ya siku siku na inalipa mara mbili ya mpangaji wa kawaida. Bangkok ina watalii kutuzidi mara ngapi? Si hiyo ndio njia?

Mchanga wa Mererani:

Hoja ya sarafu nimeipokea kaka, ni kweli, na kama lengo lako ni kutoa akiba nje ya shilingi basi hesabu inabadilika kidogo. Lakini hapo sema wazi kwamba unanunua kabati la kuwekea hela, usiseme unanunua biashara.

Airbnb sasa. Hapa ndo wageni wengi wanapigwa chenga. Sheria ya hoteli ya 2004 inataka anayelaza watu chini ya siku 30 awe na leseni ya hoteli, na nyumba moja ndani ya kondo haipati hiyo leseni. 2018 mahakama ya Hua Hin iliwatia hatiani wenye kondo waliokuwa wanapangisha kwa siku. Ndo utaona kwenye lifti za majengo mengi tangazo lina lugha tatu, Kithai, Kiingereza, Kichina, kupangisha kwa siku marufuku, faini hii na hii. Wapo wanaofanya? Wapo tele. Ila unaishi kwa kuombea jirani asiamke vibaya, maana anayekuchoma sio polisi, ni yule mama wa nyumba ya pili aliyechoka na mabegi yanayoburuzwa saa nane usiku. Anashuka ofisini, ofisi inazima kadi za milango za wageni wako, na mgeni wako yuko lobi na watoto anakupigia simu Nairobi.

Na kuna hili la TM30, yaani mwenye nyumba anatakiwa kuripoti uhamiaji kila mgeni wa nje anayelala kwake ndani ya saa 24. Sasa wewe uko Kilimani.

Kibopa Mstaafu:

Kijana umeandika vizuri lakini unawatisha watu. Mimi ninayo kondo Phra Khanong, nilinunua zamani kidogo, jengo la miaka ya tisini, mita 74, balkoni unaweza kuweka meza ya watu wanne mkacheza bao. Bei niliyolipa leo hupati hata chumba kimoja kipya cha mita 28 pale Asok. Sikununua nipangishe, nilinunua nikae na mke wangu miezi ya baridi ya Ulaya, huko ndiko nilikofanyia kazi mpaka kustaafu. Hakuna anayeniambia mkataba umeisha, hakuna anayenipandishia.

Tatizo la watu ni kununua vijisanduku vipya vinavyouzwa kwenye maonesho kwenye hoteli Dubai na London kabla hata shimo halijachimbwa. Vya zamani ni vikubwa, ukuta mnene, na muuzaji ni mtu wa kukaa naye mkaongea bei. Kanuni yangu ni moja, kabla hujaangalia nyumba nenda kaone ubao wa matangazo karibu na ofisi ya jengo. Ukikuta orodha ndefu ya wanaodaiwa ada, ondoka. Ukikuta picha za mkutano mkuu wa wenye nyumba na watu wameketi kweli, kaa.

Mchanga wa Mererani:

Shikamoo mzee. Hapo kwenye ubao nakupa mia kwa mia na naomba kila mtu akariri. Huku unanunua jengo kwanza, nyumba baadaye. Wenye nyumba wote wanaunda chombo chao kisheria, kinachagua kamati, kinaajiri meneja, kinakusanya ada na kina mfuko wa matengenezo makubwa. Kama chombo kimelala, lifti moja kati ya tatu itakufa na haitafufuka, bwawa litakuwa kijani, na wapangaji wazuri watahama mmoja mmoja. Nyumba yako hata uiweke marumaru ya Italia haitakusaidia.

Niliwahi kumsindikiza jamaa yangu kuangalia nyumba, jengo kwa nje safi, walinzi wanapiga saluti. Ajenti, dada mmoja mchangamfu, alikuwa anatuonesha mandhari ya balkoni, mto Chao Phraya kwa mbali. Mimi nikashuka ngazi badala ya lifti. Ghorofa ya nne mpaka ya pili ukuta wa ngazi una michirizi ya kahawia, ndoo ya rangi imetegwa chini ya bomba, na maji yaliyomo yana kutu, maana yake ndoo haikuwekwa jana. Mlango wa dharura umefungwa kwa waya. Nikarudi juu nikamwambia jamaa kwa Kiswahili kunywa maji yako tuondoke.

Mzee ninachopinga ni kimoja tu, wewe ulinunua zamani na unakaa mwenyewe. Anayeuliza humu ananunua leo ili ampangishe mtu mwingine. Ni michezo miwili tofauti.

Bi Mwinyi wa Muscat:

Asalaam alaykum. Mie nimefuatilia toka mwanzo. Huku Oman mgeni ananunua kwenye yale maeneo maalumu ya kitalii na anapata na ukaazi. Nnataka kujua mambo mawili. La kwanza, ukinunua hiyo kondo Bangkok unapata ukaazi? La pili, mtu akifa, watoto wake wanarithi au serikali inachukua? Maana mume wangu keshaonyeshwa picha na wenziwe kazini, usingizi hapati.

Mchanga wa Mererani:

Waalaykum salaam dada yangu.

La kwanza, kununua kondo ya kawaida hakukupi ukaazi. Unaweza kumiliki nyumba nzuri na ukawa unaingia nchini kwa visa ya utalii kama mtu wa fungate. Visa unaitafuta kivyake. Kama amefika miaka 50 kuna ya wastaafu, anaweka baht 800,000 benki au anaonesha kipato cha 65,000 kwa mwezi, anahuisha kila mwaka. Wanaofanya kazi kwa kompyuta kwa waajiri wa nje wana visa ya DTV iliyoanza Julai 2024, inataka akiba ya baht 500,000, ya miaka mitano, kila ukiingia siku 180. Wenye mpunga wananunua uanachama wa Thailand Privilege unaokuja na visa, wa miaka mitano na kuendelea. Alafu kuna ile ya miaka kumi ya matajiri na wataalamu, LTR, ya 2022. Na wengi wanaokaa mfululizo wanaripoti uhamiaji kila siku 90. Usizidishe muda hata kwa utani, faini ni 500 kwa siku mpaka 20,000, na ukikamatwa mtaani wakati umezidisha unafungiwa kuingia kuanzia miaka mitano.

La pili, watoto wanarithi, serikali haichukui. Ila mrithi naye ni mgeni, kwa hiyo akipokea inabidi aripoti na kama hatimizi masharti ya mgeni kumiliki anapewa mwaka mmoja auze. Mwambie shemeji akishanunua aandike wasia wa huku huku kwa Kithai, kwa mwanasheria wa huku, kwa ajili ya hiyo nyumba tu, maana kuanza kutafsiri karatasi za mirathi za Muscat au Pemba mbele ya mahakama ya Bangkok watoto watazeeka.

Kanyaga Twende:

Mkuu vipi ile ya kuoa Mthai alafu kiwanja kinaandikwa jina lake? Au kufungua kampuni?

Mchanga wa Mererani:

Hii nilikuwa naisubiri.

Mke anaweza kununua kiwanja, hilo halina shida. Lakini siku ya ofisi ya ardhi wewe mume mgeni unasaini karatasi kwamba hela iliyonunua ni mali binafsi ya mke, sio ya ndoa, na wewe huna dai. Unasaini mwenyewe, kalamu yako, mbele ya afisa. Baadaye mkigombana usije ukasema hela ilikuwa yako, karatasi ipo. Wapo wanaojikinga kwa kuandikisha haki ya kutumia kwenye hati, mpaka maisha yako yote, au mkataba wa kukodi miaka 30 ambao ndo ukomo wa kisheria. Wakikuambia "30 jumlisha 30 jumlisha 30 tunaandika yote leo", ile ya kwanza tu ndo ya kuihesabu, zilizobaki ni ahadi.

Kampuni ndo hatari kabisa. Unaweka Wathai asilimia 51 kwenye makaratasi, dereva wako, mama wa usafi wa ofisi ya mwanasheria, alafu kampuni inanunua villa. Sheria ya biashara za wageni ya 1999 inamhesabu huyo Mthai wa kuazimwa na wewe mgeni kuwa wote mmevunja sheria, kifungo mpaka miaka mitatu, faini laki moja mpaka baht milioni. Miaka ya karibuni serikali imekuwa inazipekua hizi kampuni hasa visiwa vya Phuket na Samui. Jibu langu ni usifanye, na anayekuambia "kila mtu anafanya" muulize yeye kaweka jina lake wapi.

mtoto wa Gongo la Mboto:

Na lile tetemeko? Niliona video maji ya bwawa yanamwagika toka juu ya ghorofa kama mvua

Mchanga wa Mererani:

28 Machi 2025. Tetemeko lilikuwa Myanmar, 7.7, Bangkok iko mbali sana na kule lakini mji umekaa juu ya udongo laini wa matope kwa hiyo majengo marefu yaliyumba kweli. Jengo la ofisi ya mkaguzi wa hesabu za serikali, Chatuchak, la ghorofa 30, lilikuwa bado linajengwa, likashuka lote na watu ndani. Kondo zilizokwisha kujengwa zilisimama, ila plasta zilipasuka, milango ikakwama, na wapangaji wa juu wengi walianza kuulizia ghorofa za chini. Unayenunua leo uliza ripoti ya ukaguzi ya baada ya tetemeko na uliza bima ya jengo inafunika nini. Sio bima yako, ya jengo.

Ila tetemeko linaonekana, nyufa unaziona kwa macho. Kuna nyufa za kwenye makaratasi ambazo hazionekani. Watu wasome kuhusu Ashton Asoke. Jengo la ghorofa 50 hivi, pua na mdomo na stesheni ya MRT, treni ya chini ya ardhi, nyumba mia saba na ushee, watu wameshahamia wanaishi. Julai 2023 mahakama ya juu ya utawala ikafuta kibali cha ujenzi, kisa njia ya kuingilia ilipita kwenye ardhi iliyotwaliwa kwa ajili ya treni. Jengo lilikuwa limejaa watu, kibali kimefutwa! Mwenye nyumba pale hakukosea chochote, alinunua, akapewa hati, akahamia.

Na yule anayeamini bei za Bangkok zinapanda tu, akashuke stesheni ya Saphan Taksin aangalie juu, kuna mnara unaitwa Sathorn Unique, ghorofa arobaini na kitu, ulikaa uchi miaka mingi baada ya mgogoro wa 1997 serikali ilipoiachia baht Julai 2. Wanunuzi walikuwepo, walikuwa wameshalipa awamu.

Mama Nargis:

Mimi sinunui chochote hahaha, nataka kuhamia na watoto wawili mume kapata kazi. Maisha yakoje kwa mtu mweusi? Chakula? Msikiti?

Mchanga wa Mererani:

Karibu sana dada. Kwanza wote mbebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ukitokea nchi zetu, uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi kuna dawati la afya unapita kabla ya uhamiaji, watu wanaenda kupanga foleni ndefu ya pasipoti wakifika mbele wanarudishwa nyuma na watoto wamelala begani.

Msikiti ipo mingi, mji huu una Waislamu wa asili toka enzi na enzi. Haroon kule Charoen Krung karibu na mto, na pande za Ramkhamhaeng kuna kituo kikubwa cha Kiislamu na chakula cha halali mtaa mzima. Nana, Soi 3 (soi ni mtaa mdogo), ndo kwa Waarabu na Waafrika, utapata biriani, nyama ya mbuzi, na wasusi. Pratunam ndo wafanyabiashara wa nguo wa kwetu, wa Kongo, wa Afrika Magharibi, ukikaa pale mchana mmoja utasikia Kiswahili cha Lubumbashi na cha Mombasa kwenye duka moja wakigombea dazeni. Unga wa sembe beba. Mihogo, nazi, ndizi, mchaichai, vyote vipo, na embe mbichi linauzwa mtaani na chumvi na pilipili vilevile kama nje ya shule ya msingi kwetu, watoto hawatalia.

Rangi, nikuambie ukweli. Mtaani watu wana adabu, wanatabasamu, watoto wako watashikwa shikwa nywele mpaka mchoke. Lakini kwenye kutafuta nyumba utakutana na "imeshachukuliwa" ambayo kwenye simu ilikuwepo. Nana polisi wanasimamisha Waafrika kuangalia pasipoti, 2018 kulikuwa na misako kabisa. Tembea na nakala ya pasipoti na muhuri wa visa. Kampuni ya mumeo iandike mkataba wa nyumba kwa jina la kampuni kama inawezekana, milango mingi inafunguka.

Na msikimbilie kupanga nyumba ya bei nafuu karibu na shule kisha mkagundua soi inajaa maji, njooni mwangalie Septemba au Oktoba mvua ikiwa imekolea. Januari mpaka Machi ni vumbi lile la hewani, nunua mashine ya kusafisha hewa ya chumba cha watoto.

chuma cha pua:

Mkuu mimi niko huku huku, mgeni, nauza mawe kama wewe, Ijumaa mpaka Jumapili niko Chanthaburi, soko la mawe. Nina baht zangu benki ya hapa, za halali, nimekusanya. Nimepata kondo Bang Chak, jengo nimelikagua kama mlivyosema, ubao safi, nafasi ya wageni ipo, nataka kukaa mwenyewe. Nikalipe tu?

Mchanga wa Mererani:

Subiri kwanza usilipe kitu!

Hapa ndo wafanyabiashara wa mawe wengi wanakwama. Mgeni ukinunua kondo kwa jina lako, hela lazima iwe imeingia kutoka nje ya nchi ikiwa fedha ya kigeni, dola au euro, ibadilishwe kuwa baht na benki ya ndani ya Thailand, jina la mtumaji au mpokeaji liwe lako la kwenye pasipoti, na sababu iandikwe ni kununua kondo. Benki inakupa karatasi ya kuthibitisha, inaitwa FET, au barua kama kiasi ni kidogo. Ofisi ya ardhi wanaitaka hiyo karatasi, na jumla yake isipungue bei ya nyumba. Baht ulizolipwa mezani Chanthaburi, hata uwe na risiti zote na umelipa kodi, hazikubaliki, labda uwe na ukaazi wa kudumu. Na hawala usahau kabisa, haiachi karatasi.

Wanachofanya wengine ni kuuza mawe kwa wanunuzi wa nje, Hong Kong au Marekani, malipo yanaingia akaunti yao ya dola nyumbani, kutoka huko ndo wanatuma kwa sababu ya kondo. Panga na benki kabla, nenda tawi kubwa la Silom sio lile la ndani ya supamaketi, wale wa Silom wamezoea watu wa mawe. Hiyo karatasi itunze kama hati, siku ukiuza ukitaka kutoa hela nje wataiulizia tena.

Gharama za siku ya kuhamisha: ada ya kuhamisha asilimia 2 ya thamani ya serikali, kawaida mnagawana na muuzaji. Kama muuzaji kaishika chini ya miaka mitano kuna kodi ya asilimia 3.3, hiyo yake, ikizidi ni ushuru wa stempu asilimia 0.5. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini kwa majina. Mkataba utakuwa na mwaka wa Kithai, mfano 2568 ndo 2025 ya kwetu, usishtuke. Malipo ni kwa hundi ya benki, na muuzaji aje na barua ya ofisi ya jengo kwamba hadaiwi ada, ya karibuni, sio ya mwaka jana.

chuma cha pua:

Duh. Kesho nilikuwa napeleka amana. Amana nayo itoke nje?

Mchanga wa Mererani:

Bora itoke nje nayo, maana inahesabika kwenye ile jumla. Kama muuzaji ana haraka, mpe amana ndogo ya baht ya kushikilia tu, na dola zitakazokuja ziwe za bei yote kamili, mkimaliza anakurudishia ile. Iandikwe kwenye mkataba hivyo, na kipengele kwamba nafasi ya wageni ikiwa imejaa siku ya kuhamisha amana yote inarudi. Tuma picha ya mkataba ukishaandikwa, funika majina, wengine humu nao waone ulivyokaa.